Lebo ya Nje

Ardis Kangas hakuweza kuona kitu hakina jina akatulia. Ukifungua friji ya ofisi yetu, pale Mtaa wa Kwanza mjini Duluth, utakuta bakuli lake limebandikwa karatasi ya kunata: ARDIS, SUPU, JUMATATU. Mkasi una jina. Kiti kina jina. Hata ndoo ya chumvi tunayomwaga mlangoni ili watu wasiteleze kwenye barafu aliiandika CHUMVI, kana kwamba kuna mtu angeichota atie kwenye kahawa. Kwenye kibodi yangu, pembeni ya kile kitaa kidogo kinachowaka ukifunga herufi kubwa, alibandika UNAPIGA KELELE, kwa sababu siku moja nilimwandikia hakimu barua nzima kwa herufi kubwa bila kujua. Mfukoni mwa sweta alikuwa na kimashine cha kuchapia lebo. Kikilia trrr kule nyuma, sisi wa mbele tunaambiana, haya, kingine kimebatizwa.

Mimi ni Marcy Defoe, wa mapokezi. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye meza ya mbele ya ofisi hii ya msaada wa sheria, napokea wapangaji waliotupiwa virago kwenye theluji na wanawake waliowakimbia waume. Sina subira, nakwambia mapema usije ukanilaumu. Ardis alikuwa nyuma, kwenye chumba kisicho na dirisha, na kompyuta zake. Mchana tulikula pamoja, mimi na supu yangu ya mchele wa ziwani, yeye na mkate na samaki wa moshi, na kila mchana alinisimulia habari za mtaa aliokulia kule Gary, chini ya kiwanda cha chuma. Nyumba hii, nyumba ile, mbwa wa nani alimng'ata nani mwaka sabini na mbili. Nilimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye simu.

Majira ya baridi yaliyopita alianza kunikera. Kwanza ile mikate yake ya iliki, ambayo huileta kila Ijumaa, ikaja Jumanne. "Ijumaa njema, mpenzi," akasema. Tukacheka, tukala. Nani atakataa mkate wa iliki kwa sababu ya kalenda? Pili, hilo neno "mpenzi". Ghafla kila mtu akawa mpenzi wake: mimi, wakili, mleta barua. Tatu, asubuhi moja ya Februari nilifika nikakuta ukingoni mwa meza yangu, upande unaotazama mlango, pamebandikwa lebo: MARCY.

"We bibi!" nikamwita. "Miaka kumi na miwili! Unadhani nimesahau jina langu?"

"Ni kwa ajili ya wageni, mpenzi."

"Wageni wanaingia hapa wanalia. Wanataka tishu, hawataki jina langu."

Alicheka kidogo, akarudi nyuma. Kesho yake niliibandua. Nilikuwa nimeudhika, sitadanganya. Niliitupa kwenye droo ikajigandisha kwenye bahasha, nikaisahau.

Kitu kimoja tu Ardis alikipa majina yasiyoeleweka, na ndicho kilichotutoa jasho. Kesi zetu za zamani zilikaa kwenye diski nane, mwaka mmoja diski moja, kuanzia 2014 hadi 2021, kwenye kompyuta inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux. Kila diski imekatwa sehemu, wao huziita vizigeu, na kizigeu kikubwa kimefungwa kwa usimbaji. Bila nenosiri lake huoni faili hata moja. Unaona takataka tupu, na huwezi hata kujua kama ni kesi za watu au ni diski iliyoharibika. Ila kuna lebo ya nje. Hiyo imeandikwa kwenye kichwa cha kizigeu, na mtu yeyote akiichomeka ile diski ataisoma, awe na ufunguo au asiwe nao.

Zamani lebo hizo zilisema ukweli: WAPANGAJI, TALAKA. Halafu mume mmoja akavunja dirisha la nyuma mchana kweupe, sisi tuko mazishini, akachukua diski moja tu kati ya zote. Bila shaka unaijua ni ipi. Hakuweza kuifungua, lakini mkewe aliposikia alihama jimbo na watoto wake, wala hakutuaga. Ardis siku mbili hakula. Alipoanza kula akasema kuanzia leo lebo ya nje itakuwa bubu. Akapanga kesi upya, mwaka kwa mwaka, akazipa diski majina kama SAARI na MATTILA, majina ya watu tu, na jina lipi ni mwaka upi hakuandika popote.

"Orodha ni ufunguo wa pili," alisema. "Nimeuweka hapa." Akajigonga kipaji cha uso. Mkurugenzi akakubali, maana wakurugenzi hukubali chochote kisicho na gharama.

Aprili hii Ardis alikuwa anastaafu, ana miaka sitini na tatu. Ofisi ikamwajiri Duane Skaar ahamishie kila kitu kwenye mashine mpya na afute diski tatu za zamani kabisa, ambazo sheria haitudai tena kuzitunza. Duane ni jibaba la miaka hamsini, huwafundisha watoto hoki jioni, na hata akiomba sukari sauti yake ni ile ile ya uwanjani. Si mtu mbaya. Ana haraka tu. Alhamisi alikaa na Ardis, naye Ardis akamtajia diski zote bila kusita: hii mwaka fulani, hii mwaka fulani. Duane akaandika kwenye daftari la manjano. Lakini hakuandika majina. Mashine yenyewe huzipa diski herufi kadiri zinavyoamka, ya kwanza a, ya pili b, na Duane akaandika herufi.

"Majina marefu ya nini, mama?" alimwambia. "Herufi inatosha."

Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Wakili Colleen Dunphy alitoka ofisini kwake na viatu vya theluji mguuni, koti halijafungwa. Nyuma yake kwenye viti vya wageni alikuwa amekaa Shawna Pelletier. Huyo tunamjua. Alikuja kwetu mwaka 2019 akiwa na mtoto wa miaka miwili kiunoni na simu iliyopasuka kioo, na ndani ya simu kulikuwa na jumbe za sauti kumi na saba za mumewe. Nilizisikia mbili, nikaenda kunawa uso. Simu ile ilikwisha kufa. Jumbe zilibaki kwetu, mahali pamoja tu. Sasa yule mume amerudi na shati safi na cheti cha kujifunza kuzuia hasira, anamtaka binti. Kikao ni saa saba na nusu.

"Marcy, nahitaji diski ya 2019," Dunphy aliniambia kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Bila zile sauti ni neno la Shawna kwa neno la mumewe, na huyo ana maneno matamu."

Shawna alikuwa anachana tishu vipande vipande kwenye mapaja yake. "Dada Marcy," akasema, "zipo, si ndiyo? Mliniambia zipo."

"Zipo," nikasema, nikakimbilia nyuma.

Duane alikuwa kwenye kiti cha Ardis. Ardis mwenyewe alisimama mlangoni, anafunga na kufungua kifungo kimoja cha sweta. Hakukaa asubuhi nzima. Mara yuko jikoni, mara yuko kabatini, mara amerudi mlangoni pale, na kila akipita mbele yangu alinitia wasiwasi bila sababu.

"Duane, wakili anataka ya 2019."

"Sekunde moja, namalizia hii. Asubuhi nimeshafuta moja, hii ya pili."

Nilitazama kioo. Mashine hizi zina adabu moja: kabla hazijafuta zinakuuliza kama una hakika, na hazikubali jibu la mnong'ono. Zinataka uandike NDIYO kwa herufi kubwa. Duane alikwisha kubonyeza kile kitufe cha herufi kubwa na kuandika N, D, I.

"Ulizihamisha lini?" Ardis aliuliza kutoka mlangoni.

"Jana. Zimeingia kwenye mashine mpya vizuri kabisa."

"Ukawasha."

"Nikawasha, eh."

"Na daftari lako ni la herufi."

Duane aliinamia daftari. Mimi sikuelewa neno, lakini nilimwona wekundu ukimpanda shingoni kutoka kwenye kola hadi masikioni, nikajua kuna jambo.

"Mashine mpya inaziamsha kwa mpangilio wake," Ardis akasema polepole. "Iliyokuwa d Alhamisi siyo d leo. Hujui unachofuta."

"Duane!" nikapiga kelele. "Toa mkono! Toa mkono hapo, mwanamume wewe!"

Akainua mikono yote miwili juu kama aliyeshikwa na polisi, halafu akashusha kidole kimoja akavunja ile amri. Swali likatoweka.

"Ile niliyofuta asubuhi," akasema. "Mungu wangu. Ile sijui ilikuwa ipi."

Aliita orodha ya lebo kwa kipanya. Zilikuwa nane, zimebaki saba: BUKOVAC, MATTILA, DEROSIER, SAARI, LINDGREN, TUOMI, NELSON. Ya nane ilikuwa imegeuka takataka, na hakuna aliyelijua jina lake. Kama ilikuwa ya 2019, basi Shawna atapanda kilima kwenda mahakamani mikono mitupu.

"Haya Ardis," nikasema. "Ya 2019 ni ipi?"

Alikisogelea kioo. Akasoma majina, midomo inacheza. Akafungua kinywa. Nikasubiri. Akakifunga.

"Ninaijua," akasema.

"Basi itaje."

"Ninaijua, usinisukume!" Akageuka, akatoka kwenye korido, akaenda mpaka mwisho kwenye mlango wa choo, akarudi, akaenda tena. Kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha shahada hadi nilihisi ngozi yangu mwenyewe inawaka.

Nilimkasirikia. Najua sasa kwamba sikupaswa, lakini nilimkasirikia sana. Nilifikiri: mwanamke huyu ameandika jina kwenye ndoo ya chumvi, na kwenye kitu kimoja chenye maana akaweka fumbo, akalimeza. Duane alipendekeza tujaribu kuzifungua zote, moja moja. Ardis akasema kila moja ina nenosiri lake, sentensi nzima, na nenosiri linakwenda na jina. Asipokumbuka mwenye jina ni nani, vidole navyo havikumbuki sentensi yake. Aliyasema haya akitembea, bila kututazama. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Simu yangu ililia kule mbele, nikaiacha ilie.

"Saari," nikajisemea, maana nilikuwa nayasoma majina yale kwa hasira. "Saari." Nikakumbuka bafu la mvuke lililoungua. Mzee Saari, bafu lake la mvuke uani liliungua mara mbili, na mara ya pili alitoka uchi mbele ya mchungaji. Nani aliniambia? Nikatazama tena. Mattila alikuwa mwenye mbwa. Tuomi ni yule mjane aliyecheza kinanda madirisha wazi. Nimekula mchana na watu hawa miaka kumi na miwili, na sikuwatambua walipokaa mbele ya macho yangu.

Nikatoka koridoni nikamshika mkono.

"Ardis. Tuko Gary. Unatoka kiwandani, unapanda mtaa wenu. Nyumba ya kwanza ni ya nani?"

Alinitazama kama nimemtukana. Halafu uso ukalegea.

"Ya Saari," akasema. "Nani asiyejua? Unanusa moshi kabla hujaiona."

"Tembea."

Tukatembea kwenye ile korido, mimi nimemshika kiwiko, Duane nyuma yetu na daftari lake la manjano. Ardis alikuwa anagusa milango ya ofisi, moja baada ya nyingine.

"Ya pili?"

"Halvorsen. Walikuwa na gari bila magurudumu."

"Halvorsen haipo kwenye kioo," Duane akasema kwa sauti ya mtoto.

"Saari ni 2014," nikamwambia. "Ni nyumba na miaka, huoni? Halvorsen ni 2015. Hiyo ilikuwa ifutwe tu. Pumua, bwana."

Akapumua. Mimi pia.

"Ya tatu Mattila," Ardis akasema, sasa anakwenda haraka, hata mimi nikawa ninavutwa. "Mbwa anaitwa Poju, usimguse. Ya nne Bukovac, mama yao anatupa maji machafu barabarani bila kuangalia. Hapa ni kwetu. Halafu..."

"Kwenu ni 2018," nikahesabu.

Akasimama ghafla. "Kwetu hatuhesabiwi. Mtu haandiki jina lake mwenyewe nje."

"Sawa, samahani. Baada ya kwenu."

"Nelson. Wanene wote. Na ng'ambo ya pili, pale kwenye kona," akanyoosha mkono kwenye mlango wa chumba cha mikutano, "kwa Derosier. Mama Derosier alifuga bata bukini. Dume moja lilinikimbiza hadi shuleni, nikaingia darasani na kiatu kimoja."

Nikahesabu kwa vidole. Saari, Halvorsen, Mattila, Bukovac, Nelson, Derosier. Kumi na nne, tano, sita, saba, nane, tisa.

Duane alikuwa amesimama katikati ya korido. "Derosier," akasema. "Ile niliyokuwa naiandikia NDIYO... kwenye orodha, herufi yake ni ya Derosier."

Nilimvuta kwa mkono wa shati. Tulirudi chumbani.

Ardis alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa siku ile. Akachagua amri ya kufungua kwa kipanya, haraka, mkono unajua njia. Mashine ikauliza nenosiri. Nenosiri huwa halionekani unapoliandika, hata nukta hazitokei, unaandika gizani. Akaandika sentensi ndefu, akabonyeza.

Hakuna ufunguo unaolingana na neno hili.

"Umekosea herufi," nikasema.

Akaandika tena, sasa polepole, midomo inasema kila neno bila sauti. Akabonyeza.

Hakuna ufunguo unaolingana na neno hili.

Saa sita kasoro dakika kumi. Dunphy alitokea mlangoni, akatutazama nyuso, akaondoka bila kuuliza. Ardis alitoa mikono yake kwenye kibodi akaiweka mapajani, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Imekwenda," akasema. "Niliambiwa itakwenda. Sikujua ingekuwa leo."

"Nani alikuambia? Nini imekwenda?"

"Daktari, mwezi wa pili." Akajigonga kipaji cha uso, pale pale alipojigonga mbele ya mkurugenzi. "Majina ndiyo yanatangulia, alisema. Ya zamani yanabaki, mapya yanakwenda. Ninabandika, ninabandika, mpenzi, lakini huwezi kubandika kila kitu. Mwambie yule mama kule mbele... mwambie nimempotezea..."

Akaanza kulia. Sijawahi kumwona analia, hata siku ya mume mwizi. Ile mikate ya Jumanne, vicheko vyetu, yote ikanirudia kwa pamoja. Nikainamisha macho, maana sikuweza kumtazama, na macho yakaangukia kibodi mpya ya Duane. Kwenye pembe ya juu kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani kinawaka. Kwenye kibodi yangu, mahali pale pale, pana lebo.

"Ardis," nikasema. "Bibi wewe. Unapiga kelele."

"Nini?"

"Unapiga kelele! Angalia taa!"

Akaangalia. Duane naye akaangalia, akajipiga kofi la paji la uso lililosikika hadi mapokezi. Ile NDIYO yake. Alifunga herufi kubwa kwa ajili ya NDIYO yake, akavunja amri, na hakuzifungua tena. Ardis alikuwa anaandika sentensi sahihi mara mbili kwa sauti ya uwanjani.

Alifuta macho kwa mkono wa sweta. Akabonyeza, kitaa kikazima. Akaandika.

Mashine hizi zikifaulu hazisemi kitu. Hakuna pongezi, hakuna nyota. Mstari unarudi tu, unakusubiri. Mstari ukarudi. Ardis akaandika jambo jingine fupi, na kioo kikajaa faili za mwaka 2019, mamia, na katikati yake jina la Pelletier na sauti kumi na saba.

"Dunphy!" nikapiga ukelele, na wala sikujali nani ananisikia.

Waliondoka saa saba kasoro kumi, wakili mbele na kile kidude cha kuhifadhia faili ndani ya ngumi, Shawna nyuma anamwaga vipande vya tishu njia nzima. Kuanzia hapo hakuna aliyefanya kazi. Duane alibandika karatasi za majina kwenye diski zote saba, kwa mkono, kwa herufi kubwa sana, kisha akaja mapokezi akasimama, akarudi, akaja tena. Ardis alikuwa anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Mimi nilimpa mpangaji mmoja fomu ya mtu mwingine.

Saa kumi jioni Dunphy alipiga simu. Hakimu alisikiliza sauti tatu. Aliposikia ya tatu aliinua mkono, akasema inatosha. Binti anabaki kwa mamake, na baba haruhusiwi kukaribia nyumba. Nilisikia kwa nyuma mtu analia kwa namna ya kucheka. Niliwaambia wengine, na Duane akamkumbatia Ardis akamwinua juu, akamwomba radhi akiwa bado amemwinua.

"Niweke chini, jitu wewe," Ardis akasema. "Na ukijifunza kitu, jifunze majina."

Jioni tulibaki wawili, tukaandika orodha. Nilimwambia sitaki ufunguo wa pili uwe kichwani mwa mtu mmoja, hata kichwa kiwe kizuri namna gani, na hakubisha. Alitaja nyumba, nami nikaandika mwaka. Ya Tuomi, ya Lindgren, hadi juu mtaani mahali lami inapoisha. Orodha tuliitia kwenye bahasha kwa ajili ya kasiki. Nilifungua droo kutafuta bahasha safi, nikapata ile ya zamani, na juu yake imegandishwa lebo yangu.

MARCY.

Niliishika muda. Nilikumbuka ilikuwa imebandikwa wapi: ukingo wa nje wa meza, upande wa mlango, ambako mimi niliyekaa ndani siwezi kuisoma. Anayeingia tu ndiye anayeisoma. Na miezi yote hii hakuniita kwa jina, hata mara moja, tangu siku ile nilipoibandua.

Niliificha kiganjani. Yeye alikuwa anavaa koti, anatafuta glavu ambayo alikuwa ameishika mkononi. Alipotoka nililamba gundi iliyokauka, haikushika, nikairudisha ukingoni, nikaweka utepe wa kunata juu yake nikaikandamiza kwa kidole gumba hadi ikakaa.

Asubuhi kulikuwa na theluji tena, Aprili yote ile. Ardis aliingia anakung'uta viatu mlangoni, miwani imefunga ukungu. Akaivua, akaipangusa, akaivaa. Nilijifanya natafuta kalamu. Nilimwona macho yake yakishuka hadi ukingo wa meza yangu, yakakaa hapo kidogo, kisha yakapanda.

"Habari za asubuhi, Marcy," akasema.